Tiki ya Mzee Vizio

Hospitali nzima ilimwita mhandisi wake Mzee Vizio, na jina lenyewe lilianza kama la kumcheka. Mafundi bomba ndio waliolitunga, baada ya kuchoka kurudishiwa karatasi zao kwa kosa lilelile: mtu kaandika "ishirini" bila kusema ishirini nini. Ishirini mita? Ishirini lita? Ishirini mbuzi? Mhandisi alikuwa akiishika karatasi ya namna hiyo kwa ncha za vidole viwili, kama nepi iliyochafuka, akauliza, "Huyu mtoto wa nani anatembea uchi?" Kwake namba isiyo na kizio ilikuwa uchi, na uchi haukupita mlango wa karakana yake. Alikaa pale miaka ishirini na moja. Kejeli ikachakaa, jina likabaki, na heshima ikaingia ndani yake polepole. Tuseme kweli, mwenyewe alilipenda.

Alikuwa na desturi yake, na ndiyo iliyokuja kumuumbua. Hesabu yoyote, kabla haijaenda kwa mafundi, lazima isomwe. Aliyehesabu anakaa kitini, mikono mapajani, hagusi kalamu. Mwingine anaichukua karatasi na kuisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kila namba na kizio chake. Mkononi ana kalamu nyekundu, na kwa kalamu hiyo anavikata vizio vinavyoondoana: mita ya juu na mita ya chini, digrii kwa digrii, wati kwa wati. Mkifika mwisho, kile kisichokatwa ndicho jibu lako. Kama ulikuwa unatafuta unene, na ibaki mita. Ikibaki lita umefanya upuuzi, bwana, rudi ukaanze upya. Mambo yakikaa sawa, msomaji anatia tiki kwenye kisanduku cha chini kabisa kilichoandikwa IMESOMWA.

"Hesabu yako mwenyewe ukiirudia kimoyomoyo," alikuwa akiwaambia vijana, "unaona ulichotaka kuona. Mpe mwenzako aisome."

Wasomaji pale karakana walikuwa wawili tu. Mmoja yeye, wa pili fundi sanifu, msichana wa miaka ishirini na sita ambaye wenzake walimpa jina la Kalamu, kwa kuwa ile nyekundu haikumtoka sikioni hata wakati wa kula. Mzee ndiye aliyemfundisha desturi hiyo tangu siku ya kwanza kazini. Alimwita mwanangu.

Sasa sikia mambo yalivyoharibika. Walikuja wageni, wahandisi wa hospitali nyingine, kujifunza kazi za karakana. Mzee akavaa shati la kola ngumu, akawatolea hesabu yake ya tangi la maji ya moto, akamwita Kalamu aisome mbele yao ili waone desturi ilivyo. Kalamu akasoma. Mstari wa nne akasimama.

"Samahani, mzee. Hapa umeandika sentimita, lakini umehesabu milimita."

Basi, hilo tu. Hakusema kwa ubaya wala kwa kujionyesha. Desturi ilikuwa imefanya kazi yake hadharani, na mtu mwenye akili timamu angefurahi. Wageni walipiga makofi. Mmoja wao, mtu wa mzaha, akasema, "Loo! Mzee Vizio leo kanaswa na mwanawe mwenyewe!" Mzee alicheka pamoja nao, meno yote nje, lakini kuna kitu kilimkwaruza rohoni, na wiki nzima hakikuacha kumkwaruza. Akawa anahisi vijana wanamnong'ona. Hakuna aliyekuwa akimnong'ona. Vijana walikuwa na mambo yao.

Wiki iliyofuata ndipo ikaja kazi ya bomba la dobi, chumba cha kufulia cha hospitali.

Lilikuwa bomba la mvuke linalolisha mashine kubwa ya kupigia pasi mashuka. Mvuke wenyewe digrii mia na themanini, na bomba linapita kwenye usawa wa kiwiko, pembeni kabisa mwa pale wanawake wanaposimama kulisha mashuka. Pamba yake ya zamani ilikuwa imeoza na kunyofoka. Ilitakiwa pamba mpya ya kioo, na juu yake bati, na pamba iwe nene kiasi kwamba mtu akiligusa bati asikute zaidi ya digrii hamsini. Ni hesabu ya nusu saa. Unachukua uwezo wa pamba kupitisha joto, unazidisha kwa tofauti ya joto la ndani na la nje, unagawa kwa joto linalotoka katika kila mita ya mraba ya bati, unapata unene. Mzee alikuwa ameifanya hesabu hiyo mara mia. Akaifanya ya mia na moja kwa mazoea. Akachungulia lebo ya mzigo mpya wa pamba, akanakili namba yake, sufuri nukta sufuri mbili tatu, akateremka nayo hadi chini. Jibu likawa milimita ishirini na tano. Tabaka moja la pamba, kazi kwisha.

Kalamu alikuwa meza ya pili, hatua nne tu. Kilichohitajika ni kusema, "Mwanangu, njoo unisomee." Hakusema. Alijidanganya kwamba binti ana kazi nyingi, kwamba hesabu ni ndogo, kwamba mafundi wanasubiri. Uongo mtupu. Hakutaka kuketi tena mikono mapajani kama mwanafunzi mbele ya msichana aliyemfundisha mwenyewe. Akafungua droo, akatoa kalamu nyekundu ya akiba, akatia tiki kwa mkono wake.

Kati ya wanawake wa dobi alikuwemo shemeji yake, mdogo wa mkewe, na Mzee ndiye aliyemsemea akapata kazi ile miaka sita nyuma. Mwanamke mchapakazi, mwenye kicheko cha kusikika hadi jikoni kwa wagonjwa. Siku bomba lilipokamilika, Mzee alifika dobi mwenyewe. Mvuke ulikuwa umefunguliwa dakika chache tu, bati likiwa bado vuguvugu. Akabandika kiganja juu yake mbele ya wanawake wote.

"Mnaona? Hata mkitaka kuegemea, egemeeni."

"Shemeji, usituzoeshe raha," yule mdogo wa mkewe akatania, "tutalala hapo!" Wakacheka wote, naye akaondoka kifua mbele.

Siku ya kumi na mbili, shuka likakwama katikati ya rola. Shemeji mtu akazima mashine, akaegemeza mkono wa kushoto kwenye bomba ili apate nguvu, akavuta kwa wa kulia. Shuka lilikuwa limeng'ang'ania, akakaza mwili mzima. Alipogundua kwamba mkono unaungua, ngozi ilikuwa tayari imeharibika, kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo. Yowe lake walilisikia mpaka karakana.

Kuungua ni jambo moja. Pale dobi kulikuwa na sheria kali: mashine ya pasi ina kizuizi mbele ya rola, na atakayepitisha mkono nyuma ya kizuizi anafukuzwa siku hiyohiyo, hana mjadala. Iliwekwa baada ya mwanamke mmoja kupoteza vidole. Sasa msimamizi wa dobi alipoona mtu kaungua na shuka limekwama, akajua, au akadhani anajua. Shemeji akalia, akaapa kwamba ni bomba. "Bomba lile limeegemewa na kila mtu," msimamizi akajibu, ingawa hakuwa amewahi kumwona yeyote akiliegemea. Shauri likapanda hadi kwa mkuu wa utawala, naye akamwita Mzee.

"Hebu niambie, mzee wangu. Bomba lako linaweza kumchoma mtu hivi?"

"Haliwezi," alijibu Mzee kabla hata hajakaa. Akaweka karatasi mezani, kidole kwenye kisanduku cha chini. "Hesabu hii hapa. Imesomwa."

"Basi shemeji yako anadanganya."

Mzee akapandisha mabega, akayashusha. Alisikitika, ndiyo, na aliona haya kidogo kwa ajili ya shemeji yake. Lakini aliamini alichosema. Hilo tumpe, maana ndilo la mwisho zuri la kumpa kwa siku kadhaa zilizofuata.

Kesho yake, saa ya chakula, dobi ikiwa tupu, akaingia na kipimajoto. Hakuwa na wasiwasi. Alitaka tu akirudi nyumbani amwambie mkewe kwamba alihakikisha. Akagusisha ncha ya kipimajoto kwenye bati, akasubiri. Sitini na tatu. Akaifuta ncha kwa leso, akahamia upande mwingine. Sitini na tatu. Pale penye doa la ngozi ya shemeji yake, ambalo hakuna aliyelifuta, sitini na nne.

Alitoka pale kama mtu aliyepigwa na butwaa, akaenda moja kwa moja stoo. Akatafuta lebo kwenye mzigo wa pamba, akavaa miwani, na kwa mara ya kwanza akaisoma yote. Sufuri nukta sufuri mbili tatu, ndiyo. Na mbele yake, kwa herufi ndogo kama sisimizi, kizio chake: cha mtindo wa zamani, joto kwa saa, kwa futi, kwa digrii ya Farenhaiti. Si wati. Si mita. Mtengenezaji alikuwa mwingine safari hii, na alipima kwa vipimo vyake. Mzee akageuza namba ile kichwani palepale, karibu sufuri nukta sufuri nne kwa wati na mita. Yaani pamba ilipitisha joto karibu mara mbili ya alivyofikiri. Yalitakiwa matabaka mawili, naye kaweka moja.

Ubaya wa namba ile ni kwamba ilifanana na ya kweli. Pamba nzuri ikipimwa kwa wati haiko mbali na hapo. Ingekuwa namba ya ajabu angeshtuka. Lakini Kalamu asingehitaji kushtuka. Angesoma tu, "Sufuri nukta sufuri mbili tatu... nini, mzee?" Angelazimika kuinua lebo. Futi isingekubali kukatwa na mita, Farenhaiti isingekatwa na Selsiasi, na karatasi ingekwama pale mezani, na shemeji yake angekuwa na mkono mzima.

Akakaa juu ya mzigo wa pamba. Kutoka stoo hadi ofisi ya mkuu wa utawala ni hatua arobaini. Alizihesabu kwa macho. Kukiri kosa la namba, angeweza, maana ni nani asiyekosea? Tatizo lilikuwa tiki. Ile haikuwa bahati mbaya. Aliitia kwa mkono wake, akijua. Akawakumbuka mafundi wote aliozishika karatasi zao kwa vidole viwili, akamkumbuka mmoja aliyetokwa machozi, mtu mzima mwenye watoto. Aibu ikampanda kutoka tumboni hadi masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka. Akainyofoa lebo, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaenda kula.

Jumapili shemeji alikuja nyumbani. Mkono umefungwa bandeji nyeupe kuanzia kiwiko, umetundikwa shingoni kwa kitambaa. Hakucheka mlangoni kama kawaida yake. Dada yake akamvutia kiti, akakalia ncha tu ya kiti.

"Shemeji," alianza, "nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini tena?"

"Nimekuaibisha. Wewe ndiye uliyenisemea nikapata kazi, leo wanasema shemeji wa Mzee Vizio ni mwongo." Akafuta pua kwa mkono mzima. "Nimefikiri sana. Mimi naona kama ni bomba, mpaka leo naona ni bomba. Lakini mkuu alinionyesha karatasi yako. Wewe hukosei namba, shemeji, kila mtu anajua. Basi labda ni maumivu yalinichanganya. Labda niliupitisha mkono bila kujijua. Nisamehe."

Lebo ilikuwa mfukoni mwa shati lililoning'inia nyuma ya mlango, mita mbili kutoka alipoketi. Mkewe alikuwa akimtazama kwa macho ya kumsihi, mwambie neno jema mdogo wangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa, jamani, hata mwoga angepita. Ingetosha kusema, ni bomba. Na unajua alisema nini?

"Nimekusamehe, shemeji. Yameisha."

Alimsamehe! Msikie mwanamume! Kamchoma mkono, kamfanya mwongo mbele ya watu, halafu anamsamehe. Shemeji akashusha pumzi, akalia kwa afueni. Mkewe akaja nyuma ya kiti, akamminya bega. "Baba watoto," akamwambia baadaye wakiwa wawili, "una moyo. Wengine wangemfukuza mlangoni." Mzee akasema kichwa kinamuuma, akaingia chumbani kulala saa kumi ya jioni, jua likiwa bado kali dirishani.

Jumatatu asubuhi Kalamu alimngoja kwenye meza yake. Hakukaa.

"Mzee, jana nilikuwa zamu, nikapita stoo. Pamba ile lebo yake imenyofolewa, lakini mzigo wa chini yake nao una lebo. Nimeisoma."

"Enhe."

"Halafu nikaenda faili la dobi. Kuna tiki ya kusomwa." Alikuwa akiongea polepole, na macho kayainamisha, kwani alimheshimu na jambo lenyewe lilimtia haya kuliko Mzee mwenyewe. "Sisi wasomaji ni wawili, mzee. Mwenye hesabu ni wewe. Basi tiki hiyo watu watasema ni yangu. Kesho nikiulizwa kwenye kikao cha shemeji yako, nisemeje?"

Mzee akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. "Hutaulizwa," akasema. "Kikao ni cha dobi, si cha karakana."

Kalamu akaitoa ile kalamu nyekundu sikioni, akaiweka juu ya meza ya Mzee, taratibu, akaenda zake kufanya kazi. Siku nzima haikurudi sikioni.

Kikao kilikaa Jumanne saa tatu, katika chumba kidogo chenye meza ndefu na feni inayolalamika. Mkuu wa utawala katikati, msimamizi wa dobi kulia, na mwakilishi wa wafanyakazi kushoto, akipiga miayo. Mzee na Kalamu waliitwa kama watu wa karakana, wakakaa ukutani. Shemeji aliwekewa kiti peke yake upande wa pili wa meza. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

Msimamizi akasoma shitaka. Mkuu akainua karatasi ya Mzee, akaipeperusha. "Hesabu ya bomba iko hapa, bomba halichomi. Mama, una la kusema?"

"Ninalo." Shemeji akasimama. Sauti ilikuwa ndogo, si ile ya kusikika jikoni. "Mimi nilisema ni bomba. Sasa nasema labda nilikosea. Mhandisi ni shemeji yangu, nimekaa naye miaka mingi, sijawahi kumsikia akisema namba isiyo kweli. Nimeshamuomba radhi nyumbani, na amenisamehe. Naomba na nyinyi mnisamehe. Nina watoto watatu wanaonitegemea. Andikeni kwamba niliupitisha mkono, nitatia sahihi, ila msinifukuze."

"Ukitia sahihi," msimamizi akasema, "sheria ni kufukuzwa."

"Basi niandike nini?" akauliza, akiwatazama mmojammoja, na mwisho akamtazama Mzee. Alimtazama kama mtu anayeuliza njia. "Shemeji, niandike nini?"

Mzee akasimama. Alikuwa amepanga maneno, ya kitaalamu, yenye kupunguza makali, kwamba mtengenezaji alibadilisha vipimo, kwamba lebo ilikuwa ndogo. Yote yakapotea. Akaenda hadi kwenye meza, akavuta kiti kilichokuwa tupu kando ya shemeji yake, akakaa. Akaweka mikono mapajani.

"Mwanangu," akamwita Kalamu, "njoo unisomee."

"Mzee, hapa si karakana," mkuu wa utawala akasema.

"Najua. Mpe karatasi."

Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, ileile aliyoachiwa mezani, akamnyooshea. Kalamu akasita, kisha akaichukua, na karatasi nayo akaichukua. Akasoma kwa sauti ile ya karakana, isiyopanda wala kushuka. Joto la mvuke, mia na themanini, digrii Selsiasi. Joto la bati, hamsini, digrii Selsiasi. Joto linalotoka, wati kwa mita ya mraba. Mwakilishi wa wafanyakazi akaacha kupiga miayo. Kalamu akafika mstari wa tano.

"Uwezo wa pamba kupitisha joto. Sufuri nukta sufuri mbili tatu." Kisha akauliza kama alivyofundishwa kuuliza. "Kizio, mzee?"

"Hakuna," akasema Mzee.

Feni ikalalamika juu yao. Mkuu wa utawala akainama mbele. "Hakuna maana yake nini?"

"Maana yake sikuandika. Nimeacha namba uchi. Kizio chake ni hiki hapa." Akatoa lebo mfukoni, imekunjwakunjwa na kulowa jasho, akainyoosha juu ya meza. "Ni futi na Farenhaiti, mimi nikahesabu kama mita na Selsiasi. Yalitakiwa matabaka mawili ya pamba, nikaweka moja. Bati lile lina digrii sitini na tatu. Nimelipima mwenyewe. Mama huyu hakupitisha mkono popote. Aliegemea bomba kwa sababu nilimwambia aegemee."

"Umelipima lini?" akauliza mkuu.

Hapo ndipo alipotaka kufa. "Ijumaa."

"Leo Jumanne."

"Ndiyo."

"Na aliyeisoma hesabu hii? Naona tiki." Mkuu akamgeukia Kalamu. Kalamu akafungua mdomo.

"Si yeye," Mzee akamkatiza. "Haijasomwa na mtu. Tiki niliitia mimi."

Alisema hivyo akiangalia mikono yake. Hakusikia vizuri yaliyofuata. Alisikia kwamba shitaka limefutwa, kwamba mashine isimame mpaka bomba livishwe tabaka la pili, kwamba Kalamu ataisimamia kazi hiyo, kwamba yeye akabidhi funguo za karakana na asubiri barua. Alikabidhi funguo. Zilikuwa kumi na moja kwenye kishikizo kimoja, na zilipogusa meza zilipiga kelele nyingi kuliko alivyotarajia.

Nje, kwenye korido, shemeji alikuwa amesimama karibu na dirisha akimngoja. Mzee alidhani atamkuta akilia au akifurahi. Hakuwa akifanya lolote kati ya hayo. Alikuwa ameushika mkono wake wenye bandeji kwa mkono mzima, kama mtu anayebeba mtoto mchanga.

"Shemeji," Mzee akaanza, "namba ile..."

"Namba namna gani? Nani hajawahi kukosea namba? Mimi nimewahi kuchanganya mashuka ya wodi nzima." Sauti yake ilikuwa imerudi, watu wawili mwisho wa korido wakageuka. "Jumapili ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nimekaa kwenye kiti chako, nimelia mbele ya dada yangu, nimekuomba radhi. Nimesema mimi mwenyewe ni mwongo, nikaanza hata kuamini. Na wewe unajua. Ukaipokea?"

Mzee aliutazama ukuta, rangi yake ya kijani ilikuwa imebanduka usawa wa machela.

"Nirudishie," akasema shemeji. "Radhi yangu. Nirudishie."

Katika miaka yake hamsini na saba Mzee hakuwa amewahi kuombwa kitu kama hicho, na hakujua kinarudishwaje. "Nakurudishia," akasema. "Haikuwa ya kwangu. Sikuwa na haki ya kukusamehe chochote. Mimi ndiye ninayetakiwa kukuom..."

"Usiniombe. Bado." Alikuwa ameshaanza kutembea, akasimama, akageuka. "Dada tangu Jumapili anapita kwa majirani akikusifu moyo wako. Nenda kamwambie. Umwambie wewe, kabla sijamwambia mimi. Na uende naye mstari kwa mstari, shemeji, usinirukie hata mmoja."

Akaenda zake dobi, gauni la kanisani na bandeji, kuwaambia wenzake wakae mbali na bomba.

Mkewe alikuwa jikoni akimenya viazi. "Mbona mapema leo?" akauliza bila kugeuka. "Vipi, wamemwachia mdogo wangu?"

"Wamemwachia."

"Asante Mungu! Nilijua tu. Kwa vile ulivyomsamehe Jumapili..."

Mzee akavuta kigoda, akakaa, akaweka mikono mapajani. Mkewe akamwona, akacheka, "Ehe, leo nawe umekuwa mwanafunzi?" Hakucheka naye. Akaanzia kwa wageni na makofi yao, akaja kwenye droo na kalamu nyekundu, akaja dobi na kiganja kwenye bati. Mkewe aliendelea kumenya, akiitikia "mmh," "mmh," akijua kwamba mumewe anapenda kuzunguka kabla ya kufika. Akamsimulia kipimajoto. Akamsimulia lebo na mfuko wa shati, na shati lenyewe lilikuwa wapi Jumapili.

Alipofika pale alipomwambia shemeji yake kwamba amemsamehe, mkewe akaweka kisu chini.